Nyuzi Nyingi, Mizani Moja: Kuchakata Picha za Ziwa Nakuru Sambamba



Mwenyeji wa Nakuru hahitaji kuambiwa kwamba ziwa limepanda. Lango kuu la zamani la mbuga inayolizunguka lilifunikwa na maji, na migunga imekauka ikiwa imesimama ziwani. Tunachodaiwa sisi watu wa data ni vipimo: limepanda lini, na kwa kiasi gani.

Jibu limo katika picha za setilaiti za Landsat, zinazotolewa bure tangu mwaka 2008. Landsat 8, iliyorushwa 2013, hutupitia kila baada ya siku 16. Katika gridi ya Landsat, sisi tuko njia ya 169, safu ya 60. Pikseli moja ni mita 30 kwa 30, hivyo ziwa la kilomita za mraba 40 ni pikseli 44,000 na ushei. Maji hufyonza mionzi ya infraredi na kurudisha kiasi fulani cha mwanga wa kijani. Linganisha bendi hizo mbili, utajua pikseli ipi ni maji na ipi ni nchi kavu.

Kazi ina hatua nne: kupakua picha, kukagua mawingu, kuhesabu pikseli za maji, kuandika matokeo. Programu yangu ya kwanza ilishika picha moja baada ya nyingine, nami nikalala nikaamka bado inahangaika. Ndipo nikageukia nyuzi, yaani mikondo kadhaa ya utekelezaji ndani ya programu moja, inayotumia kumbukumbu moja.

Kwenye kupakua, nyuzi zilinifaa sana. Uzi mmoja ukingoja seva ijibu, mwingine unaomba picha yake. Hata nyuzi nane kwenye prosesa ya viini vinne si nyingi, maana muda mwingi zinangoja tu, mpaka mtandao wenyewe ujae.

Kwenye kuhesabu, mambo yakageuka. Python ya kawaida ina kufuli kuu linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza amri zake kwa wakati mmoja. Nyuzi zangu nane zikafanya kazi ya mmoja, tena kwa kusukumana. Dawa ni michakato inayojitegemea, kila mmoja na kumbukumbu yake, au kuziachia hesabu nzito maktaba kama NumPy, ambayo katika shughuli nyingi hulifungua kufuli hilo. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilikuja na aina ya majaribio isiyo na kufuli. Mimi bado sijaikabidhi kazi ya watu.

Lakini kosa lililoninyima usingizi halikuhusu kasi. Niliendesha programu mara tatu kwa picha zilezile, nikapata idadi tatu tofauti za picha safi, yaani zisizo na mawingu. Mstari wenyewe ulikuwa huu, ambapo kagua hurudisha 1 picha ikiwa safi:

safi = safi + kagua(picha)

Ukiutazama, hauna ubaya. Sasa fuateni nyuzi mbili. Uzi wa kwanza unasoma safi, ni 41, unaenda kukagua mawingu. Kabla haujarudi, wa pili nao unasoma 41. Wa kwanza unaandika 42. Wa pili nao, kwa hesabu yake ya zamani, unaandika 42. Picha mbili zimekaguliwa, moja imepotea, na hakuna ujumbe wa kosa. Kuuzungushia kufuli mstari mzima kungerudisha ukaguzi kwenye foleni. Niliacha kila uzi urudishe jibu lake, jumla ikapigwa mwishoni na mmoja.

Swali ninaloulizwa kila mara ni nyuzi ngapi zinatosha. Nendeni kwenye ghala la mahindi msimu wa mavuno. Wapakuaji wanaweza kuwa hamsini, lakini kama mizani ya malori ni moja, foleni itafika barabarani. Gene Amdahl aliliweka jambo hili kihesabu mwaka 1967. Tuseme kazi ni ya dakika 60, na dakika 12 kati yake ni kuandika faili moja ambalo halishikwi na wawili. Hata nyuzi elfu hazitakushusha chini ya dakika 12. Pima kwanza hatua ipi ndiyo mizani yako.

Baada ya chai tutaingia kwenye mashine. Programu niliyowawekea ni ile yenye kosa, sijairekebisha. Iendesheni mara tatu, kila mtu aandike idadi anazopata.