Kiwango cha Ukutani na Kiwango cha Kitandani

Hotuba ya Muuguzi Mkunga Mwandamizi wa Halmashauri, iliyosomwa mbele ya wananchi na watumishi wa afya katika maadhimisho ya Siku ya Wauguzi Duniani, Mei 12



Ni desturi ya siku kama ya leo kuwasifu wauguzi. Nashukuru kwa sifa zilizotangulia. Hata hivyo, nimeomba nafasi hii ili niseme jambo ambalo kwa kawaida hatulisemi mbele ya wananchi, nalo ni namna muuguzi anavyoikagua kazi yake mwenyewe baada ya kuitenda, hasa pale alipokosea. Katika taaluma yetu jambo hilo huitwa tafakuri ya kazi.

Uuguzi una viwango vyake. Hapa nchini, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka ya kutusajili, kutupa leseni na kusimamia mwenendo wetu. Nje ya mipaka yetu, Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha kanuni za maadili mwaka 1953, nazo zimerekebishwa mara kadhaa, hadi mwaka 2021. Ukizisoma kwa utulivu utaona kwamba zinataka mambo ambayo hata asiye muuguzi huyaelewa: mheshimu mgonjwa na umsikilize, mpime ipasavyo, andika ulichokiona kwa ukweli, omba msaada panapokuzidi, tunza siri. Vituo vingi vimeyabandika maneno ya namna hii ukutani. Swali langu leo ni hili: kiwango kilichobandikwa ukutani hufikaje kitandani kwa mgonjwa?

Nitajibu kwa kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana katika kituo nisichokitaja, nilikuwa zamu ya usiku peke yangu katika wodi ya wazazi. Mama mmoja alijifungua mnamo saa nne. Mtoto alilia vizuri, na kondo la nyuma likatoka lote. Saa tano mama mkwe wake alinifuata, akasema, "Nesi, mwanangu, kanga imelowa tena." Wakati huo nilikuwa nikimhudumia mjamzito mwingine aliyekuwa katika uchungu mkali. Nikamjibu bila kugeuka, "Mama, damu ni kawaida kwa mzazi." Akarudi akaketi. Baada ya nusu saa alikuja tena. Safari hii hakusema neno. Alininyoshea ile kanga.

Nilipofika kitandani nilimkuta mzazi yule ngozi yake imekuwa ya baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na mfuko wa uzazi, uliopaswa kuwa mgumu, umelegea. Nilimkanda tumbo, nikamchoma sindano ya oksitosini, nikamwekea dripu, nikaita msaada kwa sauti. Alipelekwa hospitali usiku uleule, akaongezewa damu, akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini yule mama alipona kwa sababu mkwe wake alikataa kunyamaza. Hakupona kwa sababu ya uangalifu wangu.

Asubuhi muuguzi mfawidhi alilifungua jalada. Kati ya saa nne na saa tano na nusu nilikuwa nimeandika mara mbili: "Mama anaendelea vizuri." Hapakuwa na kipimo cha mapigo ya moyo, wala cha shinikizo la damu, wala neno lolote juu ya kiasi cha damu. Hakunifokea. Aliuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, ulijuaje kwamba anaendelea vizuri?" Sikuwa na jibu. Akanipa daftari, akaniambia niandike.

Yapo maswali sita yanayofundishwa sana vyuoni, kwa kufuata mpangilio wa Mwingereza Graham Gibbs wa mwaka 1988. Nini kilitokea? Ulihisi nini? Kipi kilikwenda vema na kipi vibaya? Kwa nini? Ungeweza kufanya nini tofauti? Safari ijayo utafanya nini? Ni maswali mepesi kuyasoma, lakini kuyajibu kwa kweli ni kazi nzito.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kujitetea. Niliandika kwamba nilikuwa peke yangu, kwamba wajawazito walikuwa wengi, kwamba usiku ulikuwa mrefu. Muuguzi mfawidhi alilisoma, akasema yote hayo ni kweli, na lazima yabaki katika daftari, kwa kuwa upungufu wa wauguzi ni sababu halisi na wakubwa wanapaswa kuujua. Kisha akanitaka niweke kila kiwango kando ya kila nilichotenda usiku ule. Hapo ndipo nilipojiona.

Kiwango kinasema msikilize mgonjwa na watu wake. Mimi sikugeuza hata uso. Kinasema pima, mimi nilidhani. Wakunga tunafundishwa kwamba damu ikifika mililita 500, yaani nusu lita, ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, hiyo si kawaida tena, na kwamba mapigo ya moyo huanza kwenda mbio kabla ya shinikizo la damu kushuka. Mambo hayo niliyajua, na katika mtihani niliyajibu sawasawa. Kiwango kinasema andika ukweli; mimi niliandika sentensi ambayo haikuwa kweli, nayo haikuwa kweli kwa sababu sikuwa nimeangalia. Kinasema omba msaada. Mimi niliona aibu kumwamsha mwenzangu aliyekuwa nyumbani akisubiri kuitwa.

Kutokana na daftari lile nilijiwekea mambo matatu, na hadi leo ninayafuata na kuyafundisha. Kwanza, siandiki neno "vizuri" bila tarakimu kando yake. Pili, ndugu wa mzazi akisema damu ni nyingi, naiona kanga kwa macho yangu kabla ya kujibu. Tatu, makabidhiano ya zamu hufanyika kando ya kitanda, wala si mezani tu. Aidha, kituo kile kilipeleka ombi la muuguzi wa pili wa usiku, na ombi hilo liliambatana na maelezo ya kilichotokea, bila jina la mzazi. Siri ya mgonjwa ni kiwango pia. Anayeandika tafakuri haandiki jina, kijiji wala alama yoyote ya kumtambulisha mtu.

Ndugu zangu, siku hii inaadhimishwa kwa kumbukumbu ya Florence Nightingale, aliyezaliwa Mei 12, 1820. Wengi humkumbuka kwa taa aliyoibeba usiku alipowazungukia wagonjwa. Mimi humkumbuka zaidi kwa alichokifanya baada ya Vita vya Krimea. Aliporejea Uingereza mwaka 1856 angeweza kupumzika juu ya sifa zake. Badala yake alizichambua takwimu za vifo vya askari, zikiwemo za hospitali aliyofanyia kazi mwenyewe, akaonyesha kwamba waliouawa na maradhi yanayozuilika walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Huyo ni muuguzi aliyeitazama kazi iliyopita ili kazi ijayo iwe bora.

Najua yupo atakayeuliza: je, hii tafakuri si njia ya wauguzi kusameheana kimyakimya? Ni swali la haki. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini asiyelitazama kosa lake atalirudia bila hata kujua kwamba analirudia. Tafakuri haichukui nafasi ya uwajibikaji. Mwananchi aliyedhulumiwa ana haki ya kulalamika kwa mfawidhi wa kituo, kwa kamati ya kituo, kwa Halmashauri, na hata kwa Baraza. Daftari la muuguzi halifuti haki hiyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba baada ya malalamiko kusikilizwa na shauri kwisha, kitu fulani kimebadilika kitandani.

Hapa ndipo ninapowahitaji ninyi. Muuguzi hawezi kujiona mgongo. Yapo mambo ambayo ni mgonjwa na nduguze tu wanaoyajua: alijibiwa kwa sauti gani, alingoja muda gani, alielewa nini alipoambiwa anywe dawa. Mkitumia sanduku la maoni, au mkizungumza na wajumbe wa kamati ya kituo chenu, msiishie kusema "huduma mbaya" au "huduma nzuri." Semeni siku, saa, na kilichotendeka. Maneno "huduma mbaya" yana upungufu uleule wa maneno yangu "anaendelea vizuri": hayamwambii mtu la kufanya.

Na ukiwa wodini ukaona jambo linalokutia shaka, sema. Ukijibiwa kwamba ni kawaida, nawe bado una shaka, sema tena. Usihofu kuitwa msumbufu.

Kwenu wauguzi wenzangu, hasa vijana: daftari la tafakuri si adhabu. Andikeni hata siku ambayo mambo yamekwenda vema, mpate kujua kwa nini yalikwenda vema. Na kwenu mnaosimamia vituo: anayeleta kosa lake mwenyewe mezani asipokewe kwa matusi, maana kesho hatalileta, na mgonjwa atakayefuata ndiye atakayelipa.

Yule mama mkwe sikupata kumwomba radhi. Aliondoka na gari la wagonjwa usiku ule, akiwa amempakata mjukuu wake. Kila ninapomfundisha mkunga mpya kupima mapigo ya moyo, nahisi ninalipa sehemu ya deni lile.