Nyumba ya Watu Wawili

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kustaafu. Nadhani Kamati ilinichagua kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, ikatarajia nieleze habari za mafao na fomu zake. Hayo nitayagusa, lakini si kwa kirefu, maana yanaandikwa na kuelezwa kila mara. Jambo ninalotaka kulisema leo halina fomu. Siku utakapokabidhi ofisi na kurudi nyumbani, utamkuta nani huko? Na je, mtakuwa mnajuana?

Vijana, msisinzie. Mtaona mbele kwamba jambo hili linawahusu ninyi kuliko sisi wenye mvi.

Mimi naishi Ihumwa. Kwa wasiopajua, Ihumwa ni kata ya Jiji la Dodoma iliyo upande wa mashariki, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910, inapita hapo hapo. Kwa miaka mingi palikuwa mahali pa Wagogo wakulima wa uwele na mtama, na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, lakini wengi wetu tuliendelea kukaa Dar es Salaam hadi Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli. Mwaka 2019 majengo ya kwanza ya wizara yalifunguliwa Mtumba, jirani zetu kabisa. Tangu hapo mashamba yamepimwa viwanja, na mibuyu imejikuta katikati ya nyumba za bati jipya.

Katika mtaa wetu wanakaa mzee mmoja na mkewe, wote wawili wastaafu. Wameniruhusu nieleze habari zao, ila majina yao niyaache. Mzee alikuwa fundi sanifu wa barabara. Mama alikuwa muuguzi na mkunga. Walifunga ndoa mwaka 1984. Mzee alistaafu 2018 na Mama akastaafu 2020, kila mmoja alipotimiza miaka 60. Siku moja tulikaa barazani kwao tukapiga hesabu: katika miaka 36 ya ndoa mpaka Mama alipostaafu, walikuwa wamelala chini ya paa moja muda usiofika miaka saba.

Si kwamba walikuwa wamegombana. Ni kazi. Mzee alipelekwa Lindi, kisha Kigoma, kisha Tabora. Mama alifanya kazi Kondoa miaka tisa, kisha Mpwapwa, kisha Dodoma mjini. Kila mara mmoja alipoomba uhamisho wa kumfuata mwenzake, mwenzake naye alikuwa njiani kwenda kwingine. Watoto wanne walilelewa na Mama. Baba alikuja likizo kwa treni, akiwa na debe la mawese na dagaa wa Kigoma, akashangiliwa siku mbili, akakagua madaftari, akaondoka. Yeye alituma fedha na barua. Mama alituma barua na picha za watoto. Kwa njia hiyo walijenga nyumba Ihumwa, wakasomesha, wakaheshimiana sana.

Kisha wakastaafu, na ndipo taabu ilipoanza.

Ndugu zangu, mtu aliyeongoza vibarua miaka thelathini hawezi kuacha kuongoza kwa siku moja. Mzee aliketi barazani asubuhi akitoa maagizo: kuku wahamishwe upande ule, maji yaletwe, chai ichelewe au iwahi. Na Mama, aliyeendesha nyumba peke yake maisha yake yote, akajikuta ana msimamizi asiyemwomba. Likaja na suala la fedha. Mtoto wao mmoja alitaka kiinua mgongo cha baba kinunue gari la biashara. Mzee alikubali bila kumshauri Mama. Gari lilinunuliwa, na baada ya muda si mrefu likawa limeegeshwa chini ya mti bila injini. Mama hakupiga kelele. Alifunga mzigo wake akaenda kwa dada yake Mpwapwa, akakaa miezi miwili.

Hapo ndipo Mzee alipobaki na nyumba yake mwenyewe, asijue chumvi inakaa wapi. Hakujua siku za mgao wa maji, wala dawa yake ya shinikizo la damu ilikuwa inanunuliwa duka gani, kwa maana siku zote aliikuta mezani. Nililetewa na watoto wangu habari kwamba babu anapika ugali wenye mabonge. Lakini alipika. Alifagia uwanja. Aliteka maji, akafua shuka zake. Mwisho wa mwezi wa pili alipanda basi kwenda Mpwapwa, hakutuma mjumbe, akamwomba mkewe radhi mbele ya shemeji yake. Wakarudi pamoja.

Nimeyaeleza haya kwa sababu siku hizi ukipita pale utadhani watu wale walizaliwa wakiishi pamoja. Saa kumi na moja alfajiri Mzee ndiye anayewasha moto na kuchemsha maji. Mama anafungulia kuku. Jua kabla halijawa kali wako katika shamba lao la zabibu, kama robo eka hivi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya mavuno hapana budi mizabibu ipogolewe. Mama ndiye hodari wa kupogoa: mkono wake mwepesi tangu enzi za kushona vidonda. Mzee kazi yake ni samadi, nguzo na waya. Mchana ni ugali na mlenda, kisha kulala kidogo. Jioni Mama anampima mzee shinikizo la damu na kuandika katika daftari, na Mzee anaandika katika daftari lingine matumizi ya siku. Fedha haitoki bila wote wawili kujua.

Hapa niseme neno moja la mafao, kama nilivyoahidi. Kuanzia Julai 2022, kwa kanuni mpya, mstaafu alilipwa asilimia 33 kwa mkupuo, na iliyobaki ilikuja kama pensheni ya kila mwezi. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilipandisha mkupuo huo kuwa asilimia 40 kwa wanachama wa mifuko ile ambayo zamani ilitoa nusu, na asilimia 35 kwa wale waliozoea robo. Watu wanabishana sana juu ya asilimia hizo, na wana haki ya kubishana. Lakini kwa vyovyote, sehemu kubwa ya jasho lako itakujia kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, mpaka kufa. Fedha ya namna hiyo haitunzwi na mtu mmoja mwenye siri. Inatunzwa na watu wawili wenye daftari moja.

Sasa niwaeleze safari yao. Siku moja Mama alisema kwamba katika maisha yao hawajapata kusafiri pamoja ila kwa msiba, kwa harusi, au kwa kuhamisha vyombo. Wakaanza kuweka akiba kutoka katika pensheni, na Juni 2024, Jumamosi alfajiri, walipanda daladala mpaka stendi kuu ya Nanenane, wakachukua basi la Kondoa.

Mama alikuwa akiikumbuka njia ile ilivyokuwa ya vumbi na makorongo, safari ya kutwa nzima, na masika hujui utafika lini. Sasa ni lami tupu. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilifunguliwa mwaka 2018, mwaka ule ule aliostaafu Mzee. Mama ananiambia kwamba kutoka Msalato hadi kupita Mayamaya mzee wake hakusema neno. Alikuwa dirishani akihesabu makalvati na kukagua mifereji kama vile atatakiwa kuandika ripoti.

Kondoa, Mama ndiye aliyetangulia mbele. Alimwonyesha lango la hospitali alikofanya kazi, chumba alichopanga na watoto wawili, na kisima alichoteka maji usiku baada ya zamu. Sokoni mwanamke mmoja alimtazama sana, kisha akamshika mikono yote miwili. Alikuwa amezalishwa naye, na yule mtoto sasa ana watoto. Mzee alisimama pembeni ameshika kikapu. Miaka tisa alikuwa akipokea barua kutoka mahali pale, na barua zote zilisema hatujambo, watoto wanaendelea vema. Hakupata kujua kwamba kisima kilikuwa mbali kiasi kile.

Jumapili walikwenda Kolo kuona michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Iko zaidi ya mapango 150 katika milima ile, yenye watu warefu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu, na mingine ya baadaye kwa rangi nyeupe. Bibi Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Wenyeji bado huenda huko kuomba mvua na kutambika. Njia ya kupanda ni mawe, na goti la Mama ni bovu, kwa hiyo walipanda polepole, mkono kwa mkono. Mama alikaa Kondoa miaka tisa asipate nafasi ya kupanda mlima ule hata siku moja.

Katika basi la kurudi, Mzee ndiye aliyesema. Alianza kumweleza Kigoma: malaria iliyomlaza wiki tatu na hakuandika, kibarua aliyemfia kazini, sikukuu alizokula peke yake hotelini. Habari za miaka thelathini na zaidi nyuma. Walipofika Ihumwa usiku walikuwa bado hawajamaliza. Sasa wanaweka akiba ya Kigoma.

Ndugu zangu, ninayo mambo matatu ya kuwaachia.

Kwanza, kwa sisi tulio kazini. Kila Ijumaa jioni Dodoma huwa inamwaga watumishi kurudi Dar es Salaam, kwenye familia zao, na Jumapili wanarudi. Tangu Julai 2024, treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma, mwendo umekuwa mwepesi mno. Ni jambo jema. Lakini treni iendayo kasi isitudanganye kwamba tunaishi pamoja. Mwenye nafasi ya kuhamisha familia, na aihamishe. Asiye nayo, basi barua zake, au simu zake kwa siku hizi, ziseme zaidi ya hatujambo. Mwenzako ana haki ya kujua kisima kiko umbali gani.

Pili, kwa wanaokaribia kustaafu. Kaeni na wake zenu juu ya daftari moja kabla ya fedha kuingia, siyo baada ya gari kulala chini ya mti. Na safari moja ya siku mbili kwenda mahali mwenzako alipotaabikia haina gharama kubwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mume naye akirudi nyumbani asikae kama mgeni, achukue jembe siku ile ya kwanza.

Tatu, kwenu ninyi vijana. Hapa shuleni mnafagia mabweni, mnateka maji, mnafua, mnapanga zamu ya jikoni, na mnanung'unika. Sisi nasi tulinung'unika. Kisha tulipopata vyeti na ofisi tulidhani kazi zile zimekwisha, tukaziacha kwa mama zetu, dada zetu na wake zetu. Mzee wa Ihumwa alikuwa amesoma bwenini kama ninyi. Alijua kufagia akiwa na miaka kumi na saba, na ilimbidi ajifunze upya akiwa na sitini. Ninyi msiuache ufagio hapa langoni siku mtakayoondoka. Chukueni pamoja na cheti.