Daktari Kwenye Simu: Nani Atalipa?



Ndugu zangu, vijana wenzangu na wazazi wetu, leo tuzungumze juu ya wagonjwa waliolala majumbani mwetu. Mfikirie bibi wa Kizingitini aliyepooza upande mmoja. Ili daktari amuangalie, lazima abebwe mpaka mashuani, avushwe mpaka Amu, angoje foleni, kisha arudishwe. Nauli ni ya watu kadhaa, maana peke yake hawezi. Na pengine daktari atazungumza naye dakika kumi tu! Je, dakika hizo haziwezi kuwa kwa simu ya video? Mara nyingine zaweza. Lakini nani atalipa?

Hapa Kenya sheria imeanza kufungua mlango. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayoitambua tiba ya mbali. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima. Lakini fahamuni kuwa bima hii hulipa vituo vyenye mkataba nayo. Kwa hivyo kabla ya kumpigia daktari, uliza yuko kituo gani, na huduma hiyo inalipiwa au la. Uliza kabla, usiulize baada.

Tena tusidhani simu inatosha. Huko Marekani, ambako baadhi ya jamaa zetu hufanya kazi ya kuuguza wazee majumbani, bima ya serikali ya wazee huitwa Medicare. Kabla ya 2020, kwa kawaida ililipia daktari wa simu kwa watu wa mashambani tu, na hata hao iliwabidi waende kliniki kuketi mbele ya skrini. Korona ilipoingia, Machi 2020, mgonjwa akaruhusiwa kubaki nyumbani kwake. Lakini kwa uuguzi wa nyumbani waliweka mpaka: simu ya muuguzi haihesabiwi kuwa ziara, wala haishiki nafasi ya ziara aliyoiagiza daktari. Na ni haki. Kidonda hakioshwi kwa simu, wala mgonjwa hageuzwi kitandani kwa simu.

Mkono huo ni wako, kijana mwenzangu. Tangu 2023 wahudumu wa afya wa mitaani wamepewa mabegi yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Mjue wa mtaa wenu. Vipimo viandike kwenye daftari, kwani daktari wa simu asiye na vipimo hubahatisha.

Na mzee wetu wa sukari anayejidunga insulini, asifunge kwa kushindana na wenzake. Azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Dini imempa mgonjwa ruhusa, asione haya kuitumia.

Mwisho, sisi vijana bando hazitupiti. Basi leo baada ya tarawehe bonyeza *147#, uhakikishe baba na mama wamesajiliwa. Bima hulipwa mtu akiwa mzima. Maradhi hayapigi hodi.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote. Wabillahi tawfiq.