Kisigino Kinapouma Katika Tarawehe

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri)



Ndugu zangu, Ramadhani iliyopita mamangu aliacha kwenda tarawehe. Tulidhani amechoka. Kumbe ni kisigino! Akishuka kitandani kula daku, hatua ya kwanza ni kama kukanyaga mwiba. Aliona haya kuomba kiti mbele ya wenzake, akaona bora abaki nyumbani.

Maradhi haya yanajulikana. Chini ya wayo mna ukano mpana utokao kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Ukivutwa sana, kwa kusimama muda mrefu, kwa uzito wa mwili au kwa ndara nyembamba, huuma. Wengi hupona bila kupasuliwa, lakini huchukua miezi.

Tulianza na tiba ya mikono. Kabla hajakanyaga chini, aliketi, akaweka mguu juu ya goti la pili, akavuta vidole kuelekea kwake na kuhesabu hadi 10. Hivyo mara 10, mara 3 kwa siku. Baada ya futari nilimchua tafu kwa mafuta ya nazi, polepole. Kisha akabingirisha chini ya wayo chupa ya maji yaliyoganda, imefungwa kitambaa, kama dakika 10. Kufikia Idi Kubwa alishuka kitandani bila kushika ukuta.

Je, kuumikwa? Wako waliopata nafuu, lakini ushahidi wake kwa kisigino ni mdogo kuliko wa kunyoosha. Ukitaka, wembe uwe mpya na wako peke yako. Na ngoja ufuturu kwanza, kwani maulamaa wamekhitalifiana kama kunabatilisha saumu.

Tahadhari! Mwenye ugonjwa wa sukari asichanjwe wala asitie mguu maji moto kabla ya kumuona daktari. Huenda hasikii anapoungua, na kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu. Na mguu ukivimba, ukipata moto, ukifa ganzi au ukiuma baada ya kuanguka, nenda hospitali, si kwa mchuaji.

Mwisho, ndugu zangu, dini yetu ni nyepesi. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Vijana, wekeni viti upande wa kina mama kabla hawajaomba. Mamangu akisimama sana bado huumwa, lakini mwaka huu ana kiti chake safu ya nyuma, na hajakosa hata usiku mmoja.