Tazama kwanza, piga picha baadaye

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema macho hayana pazia. Kila kinachopita mbele yake kitaonekana, upende usipende. Lakini kuona si kutazama, na kutazama si kumjali unayemtazama. Wiki hii ninazungumzia picha, hasa hizi tunazozipiga kwa simu zetu za mkononi kila tunapokutana na jambo.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Kati yao 19 walipoteza maisha na 24 walitoka hai. Waliotangulia kuifikia ndege ile walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Baadaye wananchi walishika kamba, wakasaidia kuivuta kuelekea nchi kavu. Ufukwe ule ule ulikuwa na mikono ya aina mbili: iliyoshika kamba na makasia, na iliyoinua simu juu.

Sisemi kwamba wenye simu walikuwa watu wabaya. Picha ndizo zilizoiambia nchi nzima kwamba Bukoba kuna msiba. Bila hizo tungebaki na uvumi. Swali langu ni jingine. Yule aliyeinua simu aliona ndege, au aliona watu waliomo ndani ya ndege? Na panapotokea ajali yoyote, barabarani au majini, picha ya maiti inayosambazwa kabla ndugu zake hawajapewa habari inamsaidia nani?

Mkoa wetu wa Kagera una sababu ya kulitafakari jambo hili kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983. Miaka iliyofuata, wageni wenye kamera walikuja kututazama. Picha nyingi zilionyesha mgonjwa kitandani, mifupa mitupu, asiye na jina. Lakini yule alikuwa mama wa mtu, mwenye kibanja, mwenye migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Baadaye, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, akina mama waliokuwa na virusi walianza kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, wakaandika habari za ukoo na kubandika picha zao. Mtu ni yule yule. Picha moja ilionyesha ugonjwa, nyingine ilionyesha mama.

Kwa hiyo kosa si la kamera. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kuanzia kazi yake Dar es Salaam, alifika Korem, Ethiopia, wakati wa njaa kubwa. Picha zake zilipotangazwa na BBC mwezi Oktoba 1984, dunia ilishituka na misaada ikamiminika. Kuna picha inayomnyang'anya mtu heshima yake, na kuna picha inayomletea chakula.

Tutazitofautishaje? Wapo watu duniani walioufanya upigaji picha kuwa zoezi la kutuliza moyo. Thomas Merton, mtawa Mkatoliki wa Marekani, alipiga picha za vitu vya kawaida tu, kama viti na mizizi ya miti, akavitazama kimya kama mtu anayesali. Wengine, waliofuata mafundisho ya Chögyam Trungpa, mwalimu wa Kibuddha kutoka Tibet, wana zoezi linaloitwa Miksang. Neno hilo la Kitibeti maana yake ni jicho jema. Sisi Waswahili tunakijua sana kijicho. Jicho jema tumelisahau. Zoezi lenyewe si gumu: jambo likikugusa, simama. Usikimbilie kubonyeza. Litazame mpaka fikra zako zitulie, halafu, ukiona inafaa, ndipo upige.

Wapiga picha wetu wa zamani walilazimishwa kufanya hivyo na mfuko. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila moja ina gharama. Walikupanga, wakakuinua kidevu, wakakufunga kifungo cha shati. Leo simu haihesabu, na sisi tumeacha kuangalia.

Nimekuwa nikijizoeza katika safari zangu za Bukoba na Muleba. Kule Kamachumu nilimkuta bibi mmoja akichambua kahawa juu ya mkeka, mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa, tukazungumza habari za mvua na bei ya kahawa. Nilipoomba kumpiga picha alijibu, "Ngoja kwanza, mwanangu, nijifunge khanga yangu vizuri." Akaingia ndani. Alirudi amejifunga khanga nyingine, akaketi wima, akanitazama usoni. Picha ile ni yake kuliko ilivyo yangu. Ningeipiga kutoka dirishani mwa gari, ningekuwa na kikongwe na kahawa, basi.

Katika nyumba nyingi za mkoa huu, ukutani kuna picha ya mtu aliyekwenda na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na hakurudi. Wengine hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja kule Igoma, Mwanza. Picha hiyo ndiyo kaburi ambalo familia inalo. Anayeipangusa vumbi anajua uzito wa sura ya mtu.

Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kusimama ufukweni na kila mwenye simu. Hapo hapana budi kila mmoja ajiulize: Je, mikono yangu inahitajika kwenye kamba? Kama inahitajika, simu iingie mfukoni. Kama haihitajiki, je, huyu angekuwa mama yangu, ningependa aonekane hivi?

Ndugu msikilizaji, anayejiuliza maswali hayo kabla ya kubonyeza ameanza kuwa na jicho jema, hata kama hakupiga picha yoyote. Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.