Vita ya Korea Bado Haijaisha



Mimi nasoma sheria, mtanivumilia nikianza na karatasi. Tarehe 27 Julai 1953, pale Panmunjom, ilisainiwa hati ya kusimamisha mapigano. Kusimamisha tu, jamani! Mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo.

Na Waafrika walikuwepo. Ethiopia ilipeleka batalioni za Kagnew kuanzia 1951. Zaidi ya askari 120 waliuawa. Waliorudi, baadaye utawala wa Derg ukawageuzia kibao kwa kuwa walipigana na wakomunisti. Unatumwa na serikali moja, unaadhibiwa na inayofuata. Hawa tuwaenzi.

Tuwakumbuke na wanaosubiri. Wakorea Kusini zaidi ya 130,000 walijiandikisha waonane na ndugu zao wa Kaskazini, wengi wameshafariki. Mara ya mwisho kukutanishwa ilikuwa Agosti 2018. Januari 2024 Kim Jong Un akasema hataki tena habari ya kuungana. Lakini Katiba ya Kusini, ibara ya 4, bado inaagiza muungano utafutwe kwa amani. Mimi nasimama na ibara hiyo, na kila bibi wa miaka 90 anayetaka tu kujua kama mdogo wake yu hai.