Mguu wa Jaipur

(Maneno ya ndugu mmoja wa karakana mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si daktari wala injinia. Nilisoma shule ya misheni, yale madarasa machache, kisha nikaingia karakana. Lakini neno langu leo ni la ufundi, na ufundi tunaujua.

Mnamjua mwenzetu wa kuunga mabehewa aliyekatwa mguu. Amenipa ruhusa nimseme. Alipopona alipewa mguu wa bandia, mzuri kwa macho, umevishwa kiatu. Nilipomtembelea kwao niliukuta umetundikwa ukutani. Nikamwuliza, "Kulikoni?" Akanijibu, "Huo ni mguu wa sakafuni, ndugu yangu. Shambani kiatu kinalowa na kuoza, na chooni siwezi kuchuchumaa." Basi yeye anakwenda kwa magongo, na fedha zimening'inia kwenye msumari.

Taabu hiyo hiyo iliwapata watu wa Jaipur, mji wa Bara Hindi. Daktari wa mifupa wa hospitali ya huko, P. K. Sethi, aliona wagonjwa wakipewa miguu ya namna ya Ulaya, kisha wanaiacha. Watu wale huvua viatu mlangoni, hukaa chini, na wakulima wao hukanyaga matope pekupeku. Mguu wa Ulaya kifundo chake kilikuwa kigumu, na bila kiatu haukufaa.

Hospitalini palikuwa na fundi wa kazi za mikono, Ram Chandra Sharma, mtu wa shule kidogo. Yasemekana siku moja baisikeli yake ilipata pancha, akaipeleka kuzibwa, akaona tairi la lori likivishwa mpira mpya. Akafikiri, kwa nini mguu nao usifanywe hivyo? Wa kwanza wa raba tupu ulikuwa mzito mno. Wakajaribu tena na tena, hata kufikia mwaka 1968 wakaupata unaofaa: kisigino na sehemu ya mbele ni raba laini ya sponji, kifundoni kipande cha mti chenye bolti, na nje raba ngumu yenye vidole na rangi ya ngozi. Vyote hutiwa katika kalibu na kupikwa kwa moto, kama tairi. Mguu huo hupinda kila upande. Mwenyewe huchuchumaa, hupanda mti, huingia majini bila kiatu. Ila moja, ni mzito kuliko ule wa Ulaya. Lakini watu waliuvaa.

Mwaka 1981 Sethi alipewa tuzo ya Magsaysay. Jina la fundi halikuenea vile. Hayo nanyi mmeyazoea.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hivi. Halmashauri ikikaa na waajiri kwa ajili ya mtu aliyeumia, isikubali mguu kwa kutazama karatasi ya bei. Kwanza aulizwe anaishi wapi, anatembea juu ya nini, anakaaje. Kisha auvae juma zima nyumbani kwake, shambani na chooni, kabla ya fedha kulipwa. Ukimshinda, urudishwe kwa aliyeutengeneza, kama tunavyorudisha breki mbovu.

Mwenzetu yuko hapa, benchi la nyuma, na mguu wake ameuleta ndani ya gunia. Tafadhali apewe nafasi aseme mwenyewe.